Ungamo Lililodaiwa Ubaruku

Kosa ninalolishitaki hapa ni uvivu wa akili unaojivika joho la uadilifu. Mimi mwenyewe nilishiriki.

Katika miaka ya sabini, nikifundisha Iringa, niliitwa Ubaruku alikoolewa dada yangu. Alikuwa amejifungua wiki moja kabla. Sasa miguu ilikuwa imevimba, alikohoa, na kila alipolazwa alikosa pumzi; basi alishinda ameketi, mgongo ukiegemea magunia ya mpunga. Ukoo wa mumewe ulikwisha kutoa hukumu: mzazi akizidiwa, amezini, na hasafirishwi mpaka amtaje mwanamume. Lori la kinu cha kukoboa mpunga lilikuwapo uani, pamoja na dereva wake. Halikuwashwa.

“Mwalimu,” mama mkwe wake aliniambia, “katika vitabu vyenu, mwanamke huvimba hivi bila kuzini?”

Mawifi wakacheka. Watu hao walizijua dalili za kila ng’ombe mgonjwa. Kwa mwanadamu waliona inatosha kubahatisha.

Nami, msomi, nilifanya nini? Nilimwinamia dada nikanong’ona, “Taja jina lolote, twende.”

“Nikitaja, kaka,” alijibu kwa pumzi za vipande, “mtoto huyu atakuwa wa nani?”

Asubuhi hiyo alipita mkunga kutoka Rujewa kupima watoto wachanga. Alishika kifundo cha mkono wa dada, hakupata mapigo. Akashika cha pili, hakupata.

“Unaona?” mama mkwe akasema. “Hata damu imemkimbia.”

Mkunga alimwuliza dada kama mikono ilikuwa ikichoka upesi tangu usichana. Ndiyo; nyumbani tulimwita mvivu wa kutwanga. Kwa kuwa mikononi hapakuwa na mapigo ya kusikiliza, akafunga kipimo cha presha pajani, akasikiliza nyuma ya goti, akarudia.

“Presha imepanda mno. Mishipa ya mikono imeziba, na moyo umeelemewa. Hana la kuungama. Dereva, washa gari. Akae wima njia nzima.”

“Kwa amri ya nani?”

“Yangu, mama. Akifia hapa, nitaandika nilichopima, na nani alizuia gari.”

Lori liliwashwa. Hospitalini Mbeya walimpa dawa za kutoa maji mwilini na za kushusha presha. Pumzi ikarudi, ingawa walimkataza kuzaa tena. Mtoto alikua akiitwa kwa jina la baba yake. Ukoo ule haukuomba radhi hata siku moja. Mimi niliomba, kwa kuchelewa, na dada alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Aliyemwokoa ni mkunga wa Rujewa.