Siku Nilipomkana Mutinda Redioni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona haya mbele ya gita langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mimi na rafiki yangu Mutinda tulikuwa tunapiga muziki wa kantri, ule wa Kimarekani, yeye akitunga na kuimba, mimi nikimfuata kwa gita la pili. Usizicheke kofia zetu pana. Huku Ukambani watu waliupenda muziki huo, na bado wanaupenda. Tulianzia kwa harusi za Kanyangi, tukafika soko la Tulia, na kila mahali akina mama walifuta machozi Mutinda akiimba juu ya mtu anayemngoja mpenzi wake msimu ambao mvua imekataa.

Mpenzi huyo nilimjua. Aliitwa Kioko, fundi wa viatu, mtu mpole sana. Nilikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nyumbani kwao mara nyingi, na Mutinda hakuwahi kunificha kitu.

Basi tukaitwa redioni kwa mara ya kwanza. Mtangazaji akamwuliza Mutinda, kwa mzaha tu, "Huyu msichana unayemwimbia kila siku, tutamwona lini?"

Mutinda akaisogelea maikrofoni. Kisha akasema, "Si msichana. Ni mwanaume, na ninampenda. Nimechoka kudanganya watu."

Mtangazaji akanigeukia. "Na wewe, ulikuwa unajua?"

Mama yangu alikuwa anasikiliza nyumbani, na kanisa letu lote, na baba ya msichana niliyetaka kumwoa. Nikasema, "Sikujua. Sisi tunapiga tu gita pamoja. Maisha yake mimi siyajui."

Mutinda hakuniangalia. Aliimba wimbo wa mwisho, nami nikampigia gita la pili. Tulipotoka nje, kila mtu alishika njia yake.

Wiki hiyo mialiko yetu yote ya harusi ilifutwa, na watu walipong'amua kuwa mpenzi mwenyewe ni Kioko, akafukuzwa kwenye kibanda chake cha viatu. Mutinda alinitumia ujumbe: amepata shoo Kyuso, kwa mfanyabiashara wa mbuzi asiyejali maneno ya watu, je, nitakuja? Sikumjibu. Nilisikia alisimama peke yake, akazomewa, na akaimba nyimbo zote mpaka mwisho. Baadaye yeye na Kioko wakahamia Nairobi. Huko aliandika nyimbo zinazomtaja mpenzi wake waziwazi, na polepole watu wakaanza kumsikiliza, hata wa nchi za mbali. Mimi nilioa, nikawa mzee wa kanisa. Kila wimbo wake mpya niliusikiliza kwa simu, sauti ikiwa chini, ili mke wangu asiniulize.

Mwaka jana Mutinda alikuja kuimba mjini Wote. Ukumbi ulikuwa mdogo, umejaa vijana. Shoo ilipoisha nikamfuata nyuma ya steji. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, lakini yaliyotoka ni mawili tu: "Nisamehe, mwanaamwaitu." Ndivyo sisi tunavyomwita ndugu wa tumbo moja.

Akanishika mkono. "Nilikusamehe kitambo," akasema. "Lakini ujue, sikutaka unitetee siku ile. Ungesema tu unanijua. Hiyo ingenitosha."

Nikamwomba tupige pamoja hata wimbo mmoja, siku yoyote. Akatikisa kichwa, bila hasira, akanionyesha msichana aliyekuwa akikunja nyaya. "Gita la pili sasa lina mwenyewe."

Mwanangu, sikuambii uwe shujaa, maana mimi mwenyewe sikuwa. Lakini iko siku utaulizwa mbele za watu kama unamjua mtu ambaye wote wamempa kisogo. Sema unamjua. Usingoje kwanza uone wengine watasema nini. Na kama umeshamkana, mwendee mapema, hata kesho, wala usikae miaka ishirini kama mimi. Msamaha unaweza kuukuta bado unakungoja, lakini nafasi yako kando ya rafiki yako hutaikuta.

Mungu akupe marafiki wanaokukabidhi ukweli wao, na akupe ujasiri wa kuwaita kwa majina yao mchana, watu wote wakisikia.