Mkwe Wangu Amefukuzwa kwa Ugonjwa Niliojiletea

Ficheni jina langu, lakini kosa langu lisomwe lote. Nina miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu wa biolojia, naishi Tarime. Mke wangu alishafariki. Figo zangu hazifanyi kazi. Wenzangu wengi wanasafishwa damu kwa mashine Mwanza. Mimi niliwekewa mrija tumboni. Maji maalumu yanaingizwa hapa nyumbani, yanakaa, kisha yanatolewa na uchafu wake. Mwanangu huyaagiza Kenya, yanapitia mpakani Sirari. Yeye yuko machimboni, na dhahabu ndiyo inayoyalipa.

Aliyefundishwa hospitali kuyabadilisha ni mke wake, mama Bhoke. Alikuwa anafunga madirisha, anavaa barakoa, ananawa mpaka viwiko. Mwaka mzima sikulazwa. Lakini kwetu Wakurya baba na mkwe wana mipaka yao, na kumfunulia tumbo si jambo dogo. Nilivumilia mpaka mwanarika mwenzangu mmoja alipoingia bila hodi akatukuta. "Mwalimu, siku hizi mkwe ndiye anakuvua shati? Ungetuambia mapema, tungeugua wote." Jioni ile wanarika wenzangu walikuwa wanaicheka habari hiyo kilabuni, kwenye pombe.

Kuanzia hapo nilimwamuru akae nje ya mlango, nikawa najibadilishia mwenyewe, mikono inatetemeka, macho yana ukungu.

"Tata," mkwe wangu aliniita, yaani baba kwa Kikurya, "ukigusa tu ncha ya mrija, wadudu wameshaingia."

"Wadudu nimewafundisha kabla hujazaliwa. Na usimwambie mtu."

Haikuchukua muda, maji yakaanza kutoka kama yaliyooshewa mchele, tumbo linawaka. Nililazwa, nikatoka, nikalazwa tena. Mwanangu alikuja, akasimama kando ya kitanda, akamuuliza mkewe, "Unanawa kweli, au unataka mzee afe upumzike?" Mama Bhoke alinitazama. Nilifumba macho kama mtu aliyezidiwa. Hakunitaja. Akarudishwa kwao Gorong'a.

Daktari anasema mrija huu utolewe, niwekewe mwingine shingoni kwa ajili ya mashine, na huo nao huingiza maambukizi. Mwili umechoka; najua sina muda mrefu. Jumamosi wazee wetu wanakaa na wa kwao kudai ng'ombe wa mahari warudishwe. Nasikia mwanangu ana mwanamke mwingine kule machimboni, na ugonjwa wangu umempa sababu.

Nikimwambia mwanangu peke yake, namjua, atasema, "Baba, pumzika," na kikao kitaendelea. Nikisema kikaoni, nitamwaibisha mbele ya wakwe zake, yeye ambaye fedha zake ndizo zinaniweka hai. Na wale wa kilabuni watacheka tena, safari hii mbele ya macho yangu.

Jana mama Bhoke alituma salamu. "Mwambieni Tata ale hata kidogo kidogo." Hakuuliza kingine.

Nishaurini, wanangu. Nianze na mwanangu, au niombe nibebwe mpaka kikaoni?