Mzee Amchagulia Binti Hosteli

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja ya intaneti hapa Eldoret, nikingoja barua yangu iprintiwe, mzee mmoja mkulima kutoka Ainabkoi akaingia amevaa koti la harusi. Alikuja na binti yake anayeanza chuo kikuu, amchagulie hosteli kwenye kompyuta.

"Hii ya kwanza, upepo unatoka upande gani?" akamuuliza dada wa saiba. "Na mvua ikinyesha, maji yanaenda wapi?" Akazipitia moja moja, kama mtu anayetafuta mahali pa kujenga stoo ya mahindi. Binti ameinamia simu.

Mwishowe mzee akagonga skrini kwa kidole. "Hii. Iko juu, inapata jua la asubuhi. Weka jina."

Dada akabonyeza, akakunja uso. "Mzee, huyu ako na rum ya kulala tayari. Alibook Jumanne. Tena hosteli hiyo hiyo."

Mzee akamgeukia binti. "Mbona hukuniambia?"

"Baba, ulikuwa ushapiga viatu rangi."

Mzee akakohoa, akamrudia dada. "Niandikie namba ya rum. Mama yake ataniuliza nilichagua gani."

Msomaji, ukikutana na huyo mama, mwambie aliyechagua ni mzee.