Breather ya catch can, na siku mzee alikubali kupanda turbo yangu

Wakuu, mambo zenu. Niko cyber hapa town na lunch break ni fupi, kwa hivyo nitaandika bila kupamba. Yote haya yalitokea, na mengine ningependa yasingetokea.

Wengi hapa mnaijua gari yangu, ile station wagon nyeupe ya turbo iliyowahi kushushwa engine. Siku hizi nikifungua bonnet nasikia uchovu kwanza, raha inafuata baadaye ikitaka.

Kwa wageni: engine yoyote huvujisha gesi kidogo kupitia kwa piston rings hadi chini kwenye crankcase, yaani tumbo la engine. Turbo ikisukuma, gesi inazidi. Lazima itoke. Kiwandani huipitisha kwa hose irudi kwenye intake, njia ya kuingizia hewa, ikachomwe. Shida ni kwamba inabeba mvuke wa oil, na mwishowe intercooler, kile kipoza hewa ya turbo, inajaa mafuta ndani kama sufuria ya mandazi.

Nikaweka catch can, yaani mkebe wa kunasa hiyo oil. Na kwa vile mlinishauri hapa hapa, sitaji mtu, sikurudisha hose kwenye intake. Niliacha gesi itokee juu ya mkebe kupitia breather, kafilter kadogo tu.

Sasa, mzee wangu.

Anakaa Mutuini, ana ng'ombe wake na mashine ya kukatia majani. Hii gari hakuipenda tangu siku ya kwanza. Aliiita kelele. Jumapili moja nilipojitolea kumpeleka kanisani, alisema atatembea, na kweli alitembea.

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Mtoto wa jicho. Akangoja sana kupata nafasi ya operation, na siku ilipopatikana sister yangu akapanga taxi. Mzee akakataa. Akasema atapelekwa na mimi.

Sijui kama mnaelewa hiyo ilikuwa nini kwangu. Pesa na weekend zangu zote zimeishia kwa hii gari, na hajawahi kuketi ndani. Niliitaka hiyo safari kuliko kitu kingine chochote.

Nilitoka kwangu Uthiru jioni iliyotangulia nikalala kwake. Asubuhi nikafungua bonnet, nikacheki oil, nikaiacha wazi nikaenda kunywa chai. Niliporudi niliifunga bila kuangalia, tukaondoka.

Mzee alikaa mbele na koti lake la kanisa, kofia kwenye magoti. Hata kelele ya turbo hakuilalamikia.

Tukikaribia Dagoretti Corner nikaona moshi wa bluu kwenye mirror. Kisha harufu ya oil inayoungua. Nikaweka gari kando.

Dipstick, kile kijiti cha kupimia oil, ilikuwa imerushwa nje, oil imetapakaa juu ya turbo, na nyingine inachuruzika chini kutoka nyuma ya engine. Hiyo ni pressure. Engine ilikosa pa kupumulia.

Nikaangalia breather. Ilikuwa imefunikwa kwa nailoni ngumu ya gunia la mbolea, na juu yake imezungushiwa mpira wa tube ya baiskeli, ukakazwa kuanzia juu mpaka chini.

Wakuu, huo mpira naujua. Kwetu kila kitu kimefungwa hivyo: bomba la maji, mlango wa banda la kuku, exhaust ya ile mashine ya majani mvua isiingie. Mzee hawezi kuona bomba liko wazi akalipita.

Hasira ilinipanda, sitadanganya. Niligeuka nimwambie.

Alikuwa ametoa kichwa kwa dirisha, anakaza yale macho anione. Huwa ananiita baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

"Baba, ni nini imeharibika?"

"Ni seal, baba. Imezeeka tu."

Nikatia nailoni mfukoni, nikasimamisha taxi. Tulifika hospitali tumechelewa, nurse akatugombeza mpaka akatosheka, lakini wakampokea. Operation ilienda salama, namshukuru Mungu.

Tukirudi kwa taxi, jicho limefungwa bandeji, alikuwa akigeuzageuza kofia mikononi. Halafu akasema polepole:

"Usiikasirikie hiyo gari. Asubuhi niliona kabomba kako wazi, nikakafunga vumbi lisiingie. Sikutaka ikuaibishe leo."

Nikamwambia asante.

Engine imeshushwa tena. Seal ya nyuma, ile inayozuia oil isivuje, imekwisha, za turbo pia. Fundi aliniuliza nani alifunga breather, nikasema tuendelee na kazi. Sasa hose ya catch can inarudi kwenye intake, closed, vile kiwanda kilitaka. Nimechoka kubishana na kiwanda.

Nilichojifunza: ukiweka breather ya nje, waonyeshe watu wa nyumbani, uwaambie hii ni pua, isizibwe. Mimi sikuwahi kumwonyesha mzee chochote chini ya hiyo bonnet. Nilikuwa nimeamua hataki kujua.

Mniambie, wenye closed system mnamwaga mkebe baada ya muda gani, hasa huku kwetu kwa baridi ya July? Na wenye wazazi, mngemwambia ukweli? Nitasoma zote, hata za matusi.

Jicho la pili limepewa siku yake. Sister akauliza kama apange taxi. Mzee akamwambia gari iko.