Jumapili Tuliyopumzika Mafinga

Harufu ya gundi ya kuzibia pancha ndiyo inayonirudisha. Nikiisikia popote, hata kwenye kibanda cha fundi baiskeli hapa Ilomba, nakuwa tena mtoto wa miaka tisa, nimekaa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, nimeshika mkanda wa baba. Ilikuwa miaka ya hamsini, kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Dereva wa lori la mbao aliyekuwa akielekea Tukuyu alisimama kwetu Mbeya akaleta ujumbe: mama, aliyekwenda kwao Uhehe, upande wa Iringa, kumuuguza bibi, sasa anaumwa yeye, hali si nzuri, na anatuita. Basi la Iringa lilikuwa limepita jana yake, na la kufuata mpaka wiki ijayo. Baba hakukaa kufikiri. Alikuwa mwinjilisti, na baiskeli ndiyo iliyokuwa miguu yake. Alhamisi alfajiri tukaondoka.

Kuendesha baiskeli kutoka Mbeya mpaka Iringa si mchezo, jamani, tena umebeba mtoto. Baba alihubiri huku akiendesha. Sijui alikuwa akinihubiria mimi au akijihubiria mwenyewe. Tulipokuwa tukishuka kuelekea Chimala alisema imani ni kukanyaga pedali. Ukiacha, unaanguka hata kama njia ni nzuri. Kwenye vilima alishuka akasukuma, nami nikatembea nyuma yake, na kila nilipobaki alinigeukia akasema, "Kawia ufike, Atupele." Halafu alianza wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa, akaukatisha katikati. Tulilala Chimala kwa mkulima wa mpunga, Ijumaa tukalala Makambako. Tulipata pancha nne. Miguu yangu iliyokuwa ikining'inia ilikufa ganzi, kisha ikavimba, na mapaja yakachubuka kwa vyuma vya keria. Mtoto wa mwinjilisti halalamiki, ndivyo tulivyolelewa.

Jumamosi jioni tukafika Mafinga, siku zile pakiwa na maduka machache tu na baridi ya kukata masikio. Alitupokea fundi seremala mmoja, Mbena, mtu wa kanisani. "Kamwene!" alitusalimu kwa lugha ya kwao, akatuingiza jikoni penye moto, mkewe akanikanda miguu kwa maji ya chumvi. Sijawahi kusikia raha kama ile. Seremala alimwambia baba, "Kesho mkitoka mapema, alasiri mko kwa mgonjwa wenu." Baba akatazama moto.

Msomaji wa leo hatanielewa mpaka nimweleze Jumapili yetu ilivyokuwa. Maji tuliteka Jumamosi. Kuni tulipasua Jumamosi. Kusafiri siku ya Bwana ilikuwa dhambi ya wazi, na baba ndiye aliyeisimamia kuliko wote. Miezi michache kabla ya safari ile alikuwa amemtenga na meza ya Bwana mjane mmoja wa kwetu, kwa sababu aliwahi kuvuna maharage yake shambani Jumapili, mvua isije ikayaozesha. Mjane yule alilia mbele ya kanisa zima. Baba hakulegea.

Basi Jumapili asubuhi baba na seremala walisimama uani, baiskeli imeegemea ukuta. "Mwinjilisti," seremala akamwambia, "hata Bwana mwenyewe aliponya wagonjwa siku hiyo. Nenda, baba. Mungu si mkoloni."

"Nilimtenga mjane kwa ajili ya maharage," baba akasema. "Leo la kwangu limenifika, nipande baiskeli? Nitamtazama kwa macho gani?"

Alizunguka ua mara mbili. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo baba zetu hawakuwa wakilifanya, akaniuliza, "Atu, wewe moyo wako unasemaje? Twende, au tupumzike?"

Niliitazama ile keria. Nikasema, "Tupumzike, baba."

Alifumba macho. "Amina," alisema, na uso wake ukatulia. Tukaenda kanisani. Tukala nyama ya mbuzi. Nililala mchana kutwa.

Jumatatu alasiri tulifika kwa wakwe zake tukakuta watu uani wamekaa chini, na kule nyuma ya nyumba udongo bado mbichi. Mama alikuwa amefariki Jumapili jua likizama, wakamzika Jumatatu hiyo hiyo mchana. Bibi, ambaye yeye alikuwa amepona, alinivuta mapajani mwake. "Jana kutwa alikuwa anauliza kama baiskeli imesikika," alisema. Tulikawia, na tulifika. Watu walilia, nami nikawatazama wanavyolia. Sikusikia chochote moyoni. Nilingoja kile kilio kije kesho yake, na wiki iliyofuata, kisha nikaacha kungoja.

Tuliporudi Mbeya, baba alikwenda kwa yule mjane akamwomba msamaha, akamrudisha mezani kwa Bwana. Sheria nyingine zote za Jumapili aliendelea nazo. Na kila mwaka, mpaka uzeeni, alisimama kanisani akashuhudia kwamba pale Mafinga alimuuliza Mungu, na Mungu akamjibu kwa kinywa cha mtoto. Nilikaa benchi la kina mama nikasikiliza. Ningemwambia nini? Kwamba yalikuwa mapaja yangu yaliyojibu? Hilo jibu ndilo alilokuwa akilishikilia. Nilimwachia, akazikwa nalo.

Siku hizi ni lami tupu. Unakunywa chai Mbeya, mchana unakula Iringa, na Jumapili mabasi yamejaa, wenye Biblia na wasio nazo. Sina ugomvi nao. Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka kwa gari lake kwenye msiba wa mjomba, nayo ilikuwa Jumapili. Tulipofika Mafinga alipunguza mwendo, akanigeukia kwa upendo, kijana mwenye adabu.

"Bibi, umechoka? Tupumzike kidogo hapa, au tuendelee?"

"Usiniulize mimi," nikamwambia.