Karamu ya Kilimani

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Nimeishia darasa la nne, nimebeba magunia ya watu pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, nikaanza na beseni moja la dagaa, leo malori yangu yanashusha Kasulu. Niliponunua kile kilima juu ya Ujiji, watu walicheka eti nimenunua mawe. Ukisimama pale unaliona ziwa lote, na milima ya Kongo ng'ambo. Mke wangu alishafariki, watoto wako Dar. Nikasema nitajenga nyumba kubwa, hata aliye kwenye mtumbwi aione aulize ya nani.

Mafundi walipochimba msingi, wakakutana na mavi ya chuma, meusi, mazito, na vipande vya mirija ya udongo. Wahunzi wa kale walikuwa wakiyeyusha chuma pale. Fundi mkuu, Muha mwenzangu, akaweka sururu chini.

"Bosi, hapa pana wenyewe, mizimu ya hao wahunzi. Pika, majirani waje wale hapa hapa, wakukaribishe. Bila hivyo siendelei."

"Kula tu? Nitachinja mbuzi wawili!"

Nikachinja. Wali masufuria matatu, samaki migebuka wa kukaanga, turubai, viti vya kukodi. Nikamtuma mtu apite nyumba kwa nyumba.

Saa saba, kimya. Saa nane ikapanda bodaboda.

"Shikamoo, mzee. Nina bahasha yako, ya mama muuza mkaa. Anasema amebanwa, anakuombea heri."

Ikaja nyingine, ya fundi baiskeli. Amebanwa. Nyingine, ya baba mwenye mashine ya kusaga.

"Hawa wote wamebanwa na nini?" nikamuuliza kijana.

"Mzee, si ndivyo unavyowaambia wewe? Kwenye misiba yao si huwa unanituma mimi na bahasha?"

Kweli, mimi siendi kuzika. Nilikuwa natoa bahasha nono kuliko ya mtu yeyote, nikajua nimemaliza. Mtu na biashara zake atashika jembe makaburini saa ngapi?

Nikampa kijana sahani. Akala amesimama, helmeti kichwani, akashuka kwenda kutafuta abiria. Nikakaa mbele ya viti vitupu, nikala mguu wa mbuzi peke yangu, upepo wa ziwa unapiga turubai.

Kesho yake fundi akauliza, "Walikuja wangapi?"

Nikamwonyesha bahasha. Akakusanya vifaa vyake.

Msingi bado uko pale, umeota nyasi. Jioni huwa napanda kulitazama ziwa. Juzi wageni wawili walikuwa wanaupiga picha pamoja na mavi ya chuma, wakaniuliza kama nao ni wa watu wa kale. Nikawaambia ndiyo.

Kiwanja, mawe, saruji, mafundi, mbuzi na viti: shilingi milioni kumi na moja, laki sita na elfu arobaini. Ukitoa elfu themanini na tano za kwenye bahasha zao, ni milioni kumi na moja, laki tano na elfu hamsini na tano.