Seva Iliyokaribisha Kila Mgeni

"Kwa hiyo unataka seva yetu ifukuze wageni mlangoni, Ekua? Kwenu Shama ndivyo mlivyolelewa?"

"Tumelelewa vizuri tu, Bosi. Mgeni anapewa kiti, anapewa maji, ndipo anaulizwa habari za safari. Lakini kama mwenye nyumba kashahama, utamnywesha maji mpaka lini?"

Ekua Tawiah, mwanamke mwenye sauti ya kuangusha nazi, alitunza seva ya barua pepe katika chuo cha wauguzi pale Sekondi, mji wa bandari. Zamani aliunganisha simu za bandarini, na kazi ile ilimwachia tabia moja: mtu asipokuwepo, alisema hayupo, akakata.

Bosi wake, Paintsil, aliipanga seva kwa adabu za Kifante, kabila lao. Barua yoyote ikibisha ipokelewe kwanza, aliyeandikiwa atafutwe baadaye. Asipopatikana, barua ilitupwa shimoni kimyakimya. Shimo lile lingetapika siku moja, Sekondi nzima ingehamia baharini.

Asubuhi hiyo Ekua alilichungulia. Akakuta barua ya Adwoa Mbroh, binti wa Tarkwa, ya kukubali nafasi yake ya masomo. Binti aliituma kwa karani aliyestaafu, na kisanduku cha karani huyo Ekua mwenyewe ndiye aliyekifunga. Seva ikaipokea kwa bashasha zote. Binti akatulia kwao akijua mambo yamekwisha. Chuo hakikusikia kitu, kikampa nafasi mtu mwingine.

"Ingekataliwa palepale, angejua, angeandika kwingine."

"Na matapeli je? Ukimwambia kila anayebisha nani yupo na nani hayupo, si umewachorea ramani ya nyumba?"

"Wachorewe! Huyu mtoto wa watu je?"

"Basi tuwe tunapokea, halafu tunarudisha."

"Unamrudishia nani? Matapeli wanaandika kwa majina ya watu wengine. Umesahau yule mchungaji wa Axim tuliyemrudishia matusi ambayo hakuyatuma? Si alituombea mabaya mpaka mashine ya hewa baridi ikafa!"

Paintsil alicheka bila kutaka. "Ile ilikufa kwa uzee, bibi wee. Sasa huyo binti nani atamwam—"

Mlango ukafunguliwa. Aliingia msichana mwenye viatu vyeupe vipya, sanduku la bati kichwani, samaki wa moshi mkononi.

"Shikamooni. Mimi Adwoa Mbroh. Barua yangu mliipata, sivyo?"

Paintsil akavuta kiti, akamimina maji.

"Karibu, mwanangu. Kunywa kwanza."

Ekua alikuwa na neno mdomoni. Akalimeza, akalipokea lile sanduku, akalisogeza ukutani.